Seva yenye kutembelewa na watu wengi: namna ya kuchagua mfumo endeshi

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, wakati Nyiragongo ilipolipuka, wakaaji wa Goma walikuwa na swali moja: lava inashuka upande gani? Wengine walifungua radio, wengine walishika telefone na kutafuta habari kwenye intaneti. Siku kama ile, ukurasa ambao kwa kawaida unafunguliwa na watu mia mbili kwa siku unaweza kuombwa na watu mia mbili kwa dakika moja. Ni vilevile siku matokeo ya Exetat yanatoka, siku ya uchaguzi, ao siku barabara inafungwa na watu wanataka kujua kama wapite ama warudi.

Nyuma ya kila ukurasa iko mashini inayoitwa seva: ordinatere ambayo kazi yake ni kungojea maombi na kuyajibu, usiku na mchana. Mfumo endeshi, ule watu wa informatike wanauita tu sisteme, ndiyo programu ya kwanza inayoamka wakati mashini inawashwa. Unagawa kumbukumbu, unapanga zamu za prosesa, unaandika kwenye diski, unapokea koneksio zinazoingia. Programu zingine zote zinakaa juu yake.

Radio, hospitali, vyuo vikuu, mashirika na vyama vya ushirika vya mashariki vinaendelea kupandisha seva zao, za kununua ao za kukodisha mbali, na swali linarudi kila mara: Linux, Windows ao FreeBSD? Watu wanapenda kuliuliza sawa vile wanauliza gari gani inakimbia zaidi. Lakini mifumo hii mitatu, kila mmoja ukipangwa vizuri, inaweza kubeba trafiki kubwa kupita ile radio yoyote ya kijamii itapata. Tofauti kubwa iko kwingine: nani atautunza, utaendelea kupata viraka vya usalama mpaka mwaka gani, na utaomba pesa ngapi.

Kwanza, kuhesabu watu vizuri

Wenye seva wengi wanahesabu watembeleaji wa mwezi. Hesabu ile haisaidii sana. Seva haichoshwi na watu wa mwezi mzima, inachoshwa na wale walio ndani kwa wakati mmoja. Namba yao inapatikana kwa kuzidisha tu: watu wanaoingia kila sekunde, mara sekunde ambazo kila mmoja anakaa ndani.

Tuseme watu 50 wanaingia kila sekunde. Kama kila mmoja anapata ukurasa wake kwa sekunde moja, seva iko na koneksio 50 zilizo wazi. Sasa wale wale 50 wako Shabunda, Fizi ao Walikale, telefone inashika 2G, na ukurasa unachukua sekunde 20 kushuka. Seva iko na koneksio 1000 wazi. Watu hawakuongezeka hata mmoja. Hapa ndipo ushauri mwingi unaotoka nchi zenye intaneti ya haraka unapotosha: mashini inayotosha gazeti la Brussels inaweza kuanguka mbele ya hesabu ile ile ya wasomaji, kama wasomaji wale wako vijijini mwa Kivu, Maniema ao Ituri. Koneksio mbaya ya msomaji inakuwa mzigo wa seva.

Na 1000 si kidogo. Apache, programu ya zamani na inayojulikana sana ya kutoa kurasa, katika namna yake ya kale inatenga mfanyakazi mmoja kwa kila koneksio. Kama hakuna mtu amegusa mipangilio, inaishia kwa wafanyakazi 256. Mtu wa 257 anangoja mlangoni. Kuongeza wafanyakazi kunawezekana, ila kila mmoja anakula kumbukumbu: kama mmoja anakula mega 40, wale 256 peke yao wanakula zaidi ya giga 10.

Shida hii ilipata jina mwaka 1999, wakati Mmarekani Dan Kegel aliandika kwamba mashini za wakati ule zilikuwa na nguvu ya kutosha kuhudumia watu 10,000 kwa pamoja, lakini mifumo endeshi na programu zilikuwa zinakwama mbali kabla ya pale. Ili kuelewa sababu, inafaa kuwaza malewa moja yenye mhudumu mmoja. Katika namna ya zamani, mhudumu anapita kwenye kila meza, moja baada ya moja, akiuliza: unahitaji kitu? Kwa meza kumi, hakuna shida. Kwa meza elfu kumi, siku nzima inaisha kwa kuuliza tu, hata kama ni watu watano walio na njaa. Katika namna mpya, mteja anainua mkono na mhudumu anaenda moja kwa moja kwake.

FreeBSD ilipata namna ya kuinua mkono mwaka 2000, na ikaitwa kqueue. Linux ilipata yake, epoll, mwaka 2002. Windows, na hili watu wa Linux hawapendi kulikumbusha, ilikuwa na njia yake tangu Windows NT 3.5 ya mwaka 1994. Kisha mwaka 2004 Mrusi Igor Sysoev alitoa nginx, programu ya kutoa kurasa iliyojengwa tangu mwanzo juu ya namna hii mpya. Kwa radio yenye wasikilizaji wa 2G, kuweka nginx mbele ya ukurasa kunaleta faida kubwa kuliko kubadilisha mfumo endeshi wote.

Vizuizi vingine vimefichwa ndani ya mfumo wenyewe. Linux kwa kawaida inaruhusu programu moja kufungua faili 1024 tu, na kwake kila koneksio inahesabiwa kama faili. Vilevile foleni ya wanaongoja kupokelewa ilikuwa na nafasi 128 mpaka toleo la 5.4 la mwaka 2019, ndipo ikapandishwa kuwa 4096. Mashini ya bei kali, kumbukumbu giga 64, inaweza kukataa watu kwa sababu ya namba hizi mbili ambazo tekinisia anazibadilisha kwa dakika tano.

Windows: kulipa na kulipa tena

Ofisi nyingi zinaanza na Windows kwa sababu ndiyo wafanyakazi wanaijua. Mara nyingi si hata Windows Server, ni Windows ya kawaida ya mezani, imewekwa kwenye ordinatere nzuri na kupewa jina la seva. Kwa kazi ya ofisi ya watu sita inaenda. Kwa watu wengi haiendi: leseni ya Windows 10 yenyewe inaruhusu vyombo vingine 20 tu kutumia huduma zake za faili, za kuchapisha na za kurasa.

Windows Server ni kitu kingine, na ni mfumo mzito wa kweli. Ila leseni inahesabiwa kwa kori za prosesa, na seva hata ndogo inalipia si chini ya kori 16. Bei ya toleo la Standard inapita dola 1000, na wafanyakazi wanaoingia ndani kwa majina yao wanaombwa leseni zao pembeni. Kwa seva ya kukodisha, leseni inaongezwa juu ya malipo ya kila mwezi.

Kuna mahali ambapo kulipa kuna maana. Kama hospitali ao benki imenunua programu iliyoandikwa kwa Windows tu, na ndiyo inayobeba kazi yote, basi mfumo umekwisha kuchaguliwa. Hata hivyo inafaa kumuuliza aliyeuza programu ile: tangu mwaka 2017 hata hifadhidata ya Microsoft yenyewe, SQL Server, inakubali kufanya kazi juu ya Linux.

Kisicho na maana ni nakala ya wizi. Aliyeivunja hatoi dhamana ya kitu, na mara nyingi masasisho yamezimwa ili isigunduliwe. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu WannaCry ilifunga mashini za Windows katika nchi karibu 150, na hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Kiraka cha kuizuia kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi, miezi miwili mbele. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Huku mashariki, seva ya shirika inaweza kuwa na orodha za wahami, ama namba za telefone za wasikilizaji wanaoleta habari kutoka vijijini. Orodha ile ikitoka nje, inaweza kufika mikononi mwa watu wenye silaha.

FreeBSD: mashini ya mafundi

FreeBSD ilizaliwa mwaka 1993 kutokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Haijulikani sana huku, lakini wengi wamekwisha kuitumia bila kujua. WhatsApp ilikulia juu yake: mwanzo wa mwaka 2012 mafundi wake walitangaza kwamba seva moja tu ilishika koneksio milioni 2 kwa wakati mmoja. Netflix mpaka leo inatuma filamu zake kutoka seva za FreeBSD, na mwaka 2021 mafundi wake walionyesha mashini moja inayotoa gigabiti 400 kwa sekunde.

Hotmail nayo ilikuwa juu ya FreeBSD na Solaris wakati Microsoft iliinunua mwisho wa mwaka 1997. Kampuni inayouza Windows ilijikuta inaendesha barua za mamilioni ya watu juu ya mfumo usio wake, na kuhamisha kazi ile kwenye Windows 2000 kulichukua muda mrefu, pamoja na mafundi wote walionao. Safari ya WhatsApp ilienda upande mwingine: baada ya kununuliwa na Facebook mwaka 2014, ilihamishwa kwenda kwenye Linux. FreeBSD haikuwa imeshindwa kazi. Facebook nzima ilikuwa juu ya Linux, vyombo vyake na watu wake pia, na mfumo mzuri usio na watu wa kuutunza ulikuwa mzigo hata kwa kampuni ile.

Kwa Bukavu, Bunia ao Kalemie sababu ile inapima zaidi. Mwenye fundi wa FreeBSD anayemwamini achukue FreeBSD bila woga. Asiye naye atatafuta mtu wa kumsaidia saa nane ya usiku, na hatampata.

Linux: ile ya kawaida, na mitego yake

Linux ilianza mwaka 1991, kazi ya mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds. Leo ndiyo inayobeba seva nyingi za intaneti, na tangu Novemba 2017 ordinatere zote 500 zenye nguvu zaidi duniani zinaendeshwa nayo. Hailipiwi. Vijana wa informatike wengi wameigusa shuleni ao nyumbani. Kwa sehemu kubwa ya wasomaji wa ukurasa huu, jibu ni Linux.

Lakini Linux ni kiini tu. Kinachowekwa kwenye mashini ni mgawo uliotayarishwa na kundi fulani, na hapo ndipo uchaguzi wa kweli unafanyika. Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, ni kazi ya watu wa kujitolea, haina kampuni nyuma yake. Inatoa toleo jipya karibu kila miaka miwili, na toleo moja linapata viraka kwa miaka mitano hivi. Ubuntu imejengwa juu ya Debian. Ilitoka mwaka 2004 kwa mkono wa Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth, na jina lake kwa Kizulu na Kixhosa ni ndugu wa neno letu utu. Toleo lake la muda mrefu linaitwa LTS, linatoka kila mwaka usiogawanyika kwa nne lakini wenye namba shufwa, na ule unaogawanyika pia: 2020, 2022, 2024, yaani kila baada ya miaka miwili, mwezi wa nne. Linalindwa bure miaka mitano. Matoleo ya katikati yanalindwa miezi tisa tu, hayafai kwa seva.

Upande mwingine iko familia ya Red Hat, kampuni inayouza Linux yake pamoja na msaada. Kwa miaka mingi watu wasio na pesa walitumia CentOS, nakala ya bure ya Red Hat, na walilala usingizi mzuri. Tarehe 8 Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS 8, ambayo watu walitegemea ifike mwaka 2029, itaishia tarehe 31 Desemba 2021. Waliokuwa wamepandisha seva mpya juu yake walibaki na mwaka mmoja wa kuhama. AlmaLinux na Rocky Linux zilizaliwa mwaka 2021 kujaza nafasi ile, na ni nzuri. CentOS 7 nayo ilifungwa tarehe 30 Juni 2024. Bado kuna seva zinazotembea nayo, kimya, kwa sababu hakuna kitu kimevunjika. Hakuna kiraka kinachokuja pia.

Wengine wanakimbilia toleo jipya kabisa wakidhani ndilo salama zaidi. Mwezi wa tatu 2024, fundi Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye mashini yake ya majaribio kunachelewa karibu nusu sekunde. Alifuatilia, akakuta mlango wa siri umewekwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana faili inayokaa karibu kila mahali kwenye Linux. Ulikuwa umeingia kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora. Debian ya kawaida, ile ambayo watu wanaicheka kuwa na programu za zamani, haikuguswa.

Wakati kosa haliko kwa mfumo

Tarehe 25 Juni 2009, Michael Jackson alipokufa, karibu watu milioni moja walifungua ukurasa wake wa Wikipedia kwa Kiingereza ndani ya saa moja, na Wikipedia ikalemewa. Seva zake zilikuwa za Linux, nyingi na nzuri. Kilichotokea ni hiki: ukurasa ule ulikuwa unahaririwa kila wakati, na kila uhariri ulifuta nakala iliyokwisha kutayarishwa. Seva zote zikaanza kupika ukurasa ule ule upya kwa pamoja, kila moja peke yake. Dawa haikuwa kubadilisha Linux. Mafundi walitengeneza foleni: mmoja apike, wengine wangoje sahani.

Kwa ukurasa wa habari wa radio, somo linaingia moja kwa moja kwenye mipangilio: habari ikishatayarishwa, nginx ibaki na nakala yake na kuitoa kwa dakika moja ao mbili bila kuamsha hifadhidata. Picha zipunguzwe. Ukurasa wa kilo 80 badala ya mega 2 unamtoa msomaji wa 2G haraka, na koneksio yake inafungwa.

Umeme, mega, na mtu mwenye funguo

Seva inayokaa hapa hapa mjini itakatikiwa umeme. Debian na Ubuntu zinatumia ext4, namna ya kuandika diski inayoweka daftari la mabadiliko, na mara nyingi inaamka vizuri baada ya kukatika. FreeBSD iko na ZFS, ambayo inagundua hata data iliyooza, ila inapenda kumbukumbu nyingi. Hakuna kati ya hizo inayochukua nafasi ya betri, wala ya nakala ya data iliyowekwa nyumba nyingine. Kwa ukurasa wa watu wengi, kukodisha seva mbali na kuacha ofisini zile za kazi za ndani ndiyo njia inayosumbua kidogo.

Masasisho yanakula mega. Windows Server inaleta furushi kila mwezi, mara nyingi mamia ya mega, na inaomba kuzimwa na kuwashwa. Debian na Ubuntu zinashusha vipande vilivyobadilika tu na zinaweza kufanya hivyo zenyewe usiku. Kuwasha upya kunahitajika hasa kiini kikibadilishwa.

Kisha iko habari ya mtu. Taasisi nyingi ziko na tekinisia mmoja, na neno la siri liko kichwani mwake. Siku anapata kazi Kigali, Kampala ao Kinshasa, seva inabaki yatima. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mfumo, inafaa kuhesabu watu mjini wanaoujua, angalau wawili, na kuweka funguo na mipangilio kwenye karatasi ndani ya sanduku la ofisi.

Kwa wale walio na seva ya Linux tayari, kuna kitu cha kuangalia leo. Amri cat /etc/os-release inaonyesha jina na toleo. Debian 12 inalindwa mpaka 2028, Ubuntu 22.04 mpaka 2027 na Ubuntu 24.04 mpaka 2029. Ikionyesha CentOS 7, Debian 10 ao Ubuntu 18.04, muda wake wa bure umekwisha. Kwa upande wa Windows, Server 2012 R2 iliishia Oktoba 2023. Hapo kuhama kunakuja mbele ya kununua kumbukumbu ao diski: kupandisha seva mpya pembeni ya ile ya zamani, kunakili data, kujaribu kwa wiki moja kwa telefone ya kawaida yenye koneksio mbaya, ndipo jina la ukurasa lielekezwe kwa mpya. Ile ya zamani inabaki imewashwa siku chache, bila kugusa, mpaka ihakikishwe kwamba hakuna kitu kimesahauliwa ndani.